Maji Hayana Mjomba

Chamani kwetu Newala, kitabu nilikishika,
Hapo mbele ya maghala, uzito nikiandika,
Kalamu haikulala, msimu ulipofika;
Asemalo Chilumika, kwangu hugeuka namba.

Chilumika wa mizani, ndiye mtu wa kuita:
“Sabini na mbili, ndani!” na gunia limepita.
La themanini nyumbani, njiani limejikata;
Nane ukizitafuta, hujibiwa: “Rudi shamba.”

Mara husema unyevu, mara korosho zaoza,
Mara ni mchanga, jivu, mara jua lapunguza,
Na mkulima mchovu, hana nguvu ya kuwaza,
Hutia wino wa giza, kidole chake cha gumba.

Niliijua hujuma, jicho langu liliona,
Kila Ijumaa njema, bahasha tukipeana;
“Ni chai tu,” alisema, “nawe u mtu na wana.”
Nikainywa tena sana, na vidole nikalamba.

Alikuja mkaguzi, hakushuka pikipiki,
Nyuma kafungiwa mbuzi, zawadi ya urafiki,
Kabandika kwa ujuzi, lebo: “Mizani haki.”
Mbuzi alia, hataki; pekee aliyegomba.

Somoe binti Likapa, awauziaye maji,
Jasho limejaa kwapa, bega lake ni mtaji,
Ishirini akikupa, usipime, wala hoji;
Kwake, mbali na kijiji, mikorosho imetamba.

Nane zile ni viatu, Fadina aende shule,
Ni bati, walau tatu, panapovuja milele,
Ni Ndanda, kwa jicho butu, la bibi, mtu wa kale.
Nane hizo, nane zile, zamjengea mtu nyumba.

Foleni, zamu kwa zamu, Somoe akafikia.
Si gunia, lile dumu, mizanini alitia.
“Nipimie, muadhamu, haya nimelima pia.”
Mshale ukatulia: kumi na nane kwa namba.

Akaropoka Fadina, darasani mwenye nguvu:
“Lita, kilo, hulingana; mbona mizani mvivu?”
Chilumika akanuna, akasema: “Ni unyevu.”
Cheko likavunja mbavu, foleni yote kuyumba.

Somoe kabaki wima, akasema: “Haifai.
Wala siombi huruma, wala kisasi sidai.
Mtu huuza kalima, hununuliwa kwa yai;
Maji hayajui chai, maji hayana mjomba.”

Wakageukia kwangu, kalamu ikatetema,
Chini ya kitabu changu, bahasha ikanichoma.
Nilisoma kwa uchungu, miezi mitatu nyuma,
Kila nane nilozima: jina, kijiji na shamba.

Nilifukuzwa kazini, na hilo nalikubali.
Kesi i mahakamani, mwaka huu ni wa pili.
Zile nane za zamani, hazijarudi kamili,
Na jicho la bibi, kweli, lilikwisha kujifumba.

Sasa kila asubuhi, dumu hupanda la kwanza,
Halina cheo, wajihi, na halijui kuponza.
Kila mtu kwa sahihi, kitabu chake atunza,
Na karani akianza, sote husoma sambamba.

Nawe msomaji wangu, unayenisoma pole,
Mkono una ukungu, wa mazoea ya kale:
Nimekwiba, beti zangu, mizani moja, si tele.
Hukuihisi? Upole huo ndio hunipamba.

Rudi, uhesabu tena, kwa kidole, neno neno,
Kumi na sita, bayana, ndiyo yetu mapatano.
Ukiikuta, kazana, usipokee maneno;
Nishike huu mkono, uje na dumu na kamba.